Dhahabu Isipopatikana, Hasara ni ya Nani?

Sheria za dhahabu Afrika Mashariki zimejiandaa vizuri kwa siku ya kupata. Tanzania ina mrabaha wake wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Tangu Machi 2019, soko la madini la Geita lilipozinduliwa, mchimbaji mdogo ana mahali rasmi pa kupimia na kuuzia. Kenya, kwa Sheria ya Madini ya 2016, imekwisha kuugawa mrabaha hata kabla haujapatikana: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya eneo husika. Machimboni nako, mwenye leseni, mwenye duara (shimo la kuchimbia) na wachimbaji hupatana mgawo wao kabla sululu haijagusa ardhi.

Yote hayo huanza kufanya kazi pale dhahabu inapowekwa kwenye mizani. Mashimo mengi hayafiki huko. Hufika kwenye jiwe kavu, au kwenye maji, au kwenye kiwango kisicholipa hata gharama ya karasha, mashine ya kusagia mawe. Kisha wachimbaji hubeba vyombo vyao na kuhamia kwingine, na shamba hubaki kwa mwenyewe likiwa na mashimo. Siku hiyo ya kukosa haina fungu kwenye mgawo, na mara nyingi haina hata sentensi kwenye makubaliano. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba kukosa ndiyo hali ya kawaida katika utafutaji wa dhahabu. Kwa kuwa hakuandikwi popote, hasara yake humwangukia yule asiyeweza kuhama, yaani mwenye shamba.

Kwa nini kukosa ni kawaida

Ukanda wa dhahabu unaozunguka Ziwa Victoria, kuanzia Geita na Kahama, kupitia Mara, hadi Migori, Siaya na Kakamega, umo katika miamba ya kale sana, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Shamba kuwa ndani ya ukanda huo kunamaanisha kwamba dhahabu inawezekana kuwepo. Hakumaanishi kwamba ipo chini ya mihogo ya fulani. Dhahabu ilipanda na maji ya moto kupitia nyufa za miamba, ikaganda katika mishipa ya kwatzi na katika miamba yenye chuma. Mishipa hiyo haiendi sawasawa. Hunenepa, hukonda, hukatika ghafla pale mwamba ulipoteleza, kisha kuendelea mita kadhaa pembeni mahali ambapo mchimbaji hana sababu ya kupatazama.

Hata mshipa wenyewe ukipatikana, hesabu bado ni kali. Tuseme mwamba una gramu 5 za dhahabu kwa tani, kiwango ambacho migodi mingi ingekifurahia. Tani moja ni viroba 20 vya kilo 50. Kila kiroba, basi, kina robo gramu. Ukusanyaji kwa zebaki mara nyingi hupata chini ya nusu ya dhahabu iliyomo, kwa hiyo kiroba kizima, kilichochimbwa kwa tindo, kuvutwa kwa winchi, kubebwa na kusagwa, kinaweza kutoa chembe yenye ukubwa wa punje ya ulezi. Kutoka hapo toa posho, matimba, baruti, mafuta ya jenereta na malipo ya karasha. Kiwango kikishuka hadi gramu 1 kwa tani, kampuni yenye mgodi wa wazi na mitambo mikubwa bado inaweza kuendelea. Mwenye duara hawezi. Dhahabu ipo, lakini kwake yeye imekosekana.

Kuna pia udanganyifu wa sampuli, na simaanishi ule wa matapeli peke yake. Dhahabu ya chembe kubwa haijasambaa mwambani kwa usawa. Jiwe moja likisagwa na kuoshwa kwenye karai huacha mkia wa njano unaomfanya kila mtu anyamaze, na jiwe lililokuwa ubavuni mwake halina kitu. Karai lile la kwanza ndilo linalosimuliwa, ndilo linalomleta mfadhili, na ndilo linalomshawishi mwenye shamba akubali. Mtaalamu angechukua sampuli nyingi kwa vipimo vinavyolingana na kuangalia wastani. Mtafutaji mwenye haraka huchukua sampuli pale alipoona dalili, kisha huusadiki ushahidi aliouchagua mwenyewe.

Kina nacho huleta tatizo lake. Karibu na uso wa ardhi, mwamba uliooza kwa mvua na jua vya miaka mingi huachia dhahabu yake kwa urahisi. Chini zaidi, dhahabu hujificha ndani ya madini ya salfa, na zebaki haiwezi kuifikia vizuri. Duara lililoanza kwa matumaini mita 10 huanza kukataa mita 40, wakati huohuo maji yanaingia na pampu inahitaji mafuta. Wengi husema dhahabu imekimbia, na hapo ndipo kafara na mganga huingia kwenye bajeti. Kilichotokea kwa kawaida ni kwamba mwamba umebadilika, na mbinu imebaki ileile.

Bei haibadilishi lolote kati ya haya. Mwaka 2020 wakia moja ilivuka dola 2,000 kwa mara ya kwanza. Mwaka 2025 ilivuka 3,000, kisha 4,000. Bei ikipanda, mwamba hafifu huanza kulipa, na hilo ni kweli kwa wanaojua kiwango cha mwamba wao. Kwa asiyejua, bei ya juu huongeza idadi ya mashamba yanayojaribiwa, na kwa hiyo idadi ya mashamba yanayokosa.

Juu ni kwako, chini si kwako

Mgeni anayekuja na karai lake mara nyingi huomba ruhusa kwa mwenye shamba kama kwamba dhahabu ni mali ya mwenye shamba. Kisheria siyo. Tanzania, ardhi yote ni ya umma chini ya dhamana ya Rais, na madini ni mali ya Jamhuri. Mwenye shamba ana haki ya kutumia uso wa ardhi. Leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa Mtanzania, kwa eneo lisilozidi hekta 10, kwa miaka 7, na inaweza kutolewa kwa mtu mwingine kabisa juu ya shamba lako. Wapo wakulima wanaopata habari za leseni siku wanapoona watu wakipanda vigingi kati ya mistari ya pamba.

Sheria haikumwacha mkulima uchi. Mwenye leseni anahitaji ridhaa ya mkaaji halali ili kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka kwenye nyumba, na kuna masharti kama hayo kwa ardhi iliyolimwa. Uharibifu wa mazao, miti na majengo unadai fidia ya haki. Fidia hiyo haisubiri dhahabu ipatikane. Lakini ridhaa nayo ina mpaka: ikionekana kuwa mwenye shamba anaikatalia bila sababu ya msingi, mamlaka inaweza kuamua kazi iendelee bila hiyo.

Kenya inafanana kwa msingi na kutofautiana kwa vitendo. Katiba ya 2010 imeyaweka madini katika ardhi ya umma, lakini magharibi mwa nchi mashamba mengi ni ya watu binafsi yenye hati. Sheria ya 2016 inataka ridhaa ya mmiliki aliyesajiliwa, na hapo huzuka swali ambalo ofisi ya madini haiwezi kulijibu: mmiliki aliyesajiliwa ni nani, iwapo hati bado iko kwa jina la babu aliyefariki zamani? Kaka mkubwa aliyebaki nyumbani anakubali, mdogo wake aliyeko Nairobi hana habari, na mjane wa kaka wa tatu ndiye anayelima kipande kilichochimbwa. Dhahabu ikipatikana watagombania fedha. Isipopatikana watagombania nani aliyewaleta wale watu, na kesi ya mirathi iliyolala itaamka kwa sababu ya shimo tupu.

Shida kubwa zaidi iko kwa jaribio lisilo na leseni. Watu wawili watatu huja, hutazama mawe, hupatana na mwenye shamba kwa mdomo kwamba wachimbe kidogo waone, na dhahabu ikionekana ndipo leseni itafutwe. Kwa mtazamo wa fedha inaeleweka: kwa nini ulipie karatasi ya kitu ambacho huenda hakipo? Kwa mtazamo wa haki, mwenye shamba amejifunga mwenyewe. Kuchimba bila leseni ni kosa, naye ndiye aliyefungua mlango. Watu wale wakiondoka usiku na kuacha mashimo saba, hana leseni ya kuitaja kwenye malalamiko, wala hana hamu ya kwenda ofisini kueleza walifikaje pale. Sheria ya fidia ipo, ila mdaiwa hayupo na mdai anaogopa kujitokeza.

Kakamega, 1932

Historia ya Kakamega inaonyesha kwamba matumaini peke yake yana nguvu ya kudhuru, hata kabla dhahabu haijathibitishwa. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Dhamana ya Ardhi ya Wenyeji, ikiahidi kwamba ardhi ya hifadhi za Waafrika ni yao milele. Sehemu ikichukuliwa kwa kazi ya umma, ardhi nyingine ya thamani sawa ingeongezwa, na baraza la wenyeji lingeshirikishwa. Mwaka uliofuata, mlowezi L. A. Johnson aliona dhahabu Kakamega. Walowezi waliokuwa wamebanwa na mdororo wa uchumi wa dunia walimiminika huko kwa mamia. Desemba 1932 sheria ile ilirekebishwa: kwa ajili ya madini, ardhi haikulazimika kufidiwa kwa ardhi, fedha zilitosha, na sharti la kulishirikisha baraza likaondolewa. Ahadi ya milele ilikuwa imedumu miaka miwili.

Hatua hiyo ilizua kelele hadi bunge la Uingereza, na Jomo Kenyatta, aliyekuwa Ulaya wakati huo, alikuwa miongoni mwa walioipinga hadharani. Kinachotuhusu hapa ni kilichofuata. Mgodi wa Rosterman ulifanya kazi kweli na kuendelea hadi 1952. Lakini wengi wa wale waliopiga kambi katika mashamba ya Waluhya hawakupata cha kuwabakisha, wakaondoka. Sheria ilikuwa imebadilishwa na mahindi kung'olewa kwa msingi wa kilichodhaniwa kuwepo. Walipoondoka, hakuna aliyerudisha kipengele kilichofutwa kwa hoja kwamba dhahabu iliyokifutisha haikutosha.

Eneo hilohilo limerudi kwenye ramani za watafutaji. Mradi wa utafutaji wa Kenya Magharibi ulichukuliwa na African Barrick Gold mwaka 2012, ukapitia jina la Acacia, ukawa wa Barrick, na mwaka 2020 ukanunuliwa na Shanta Gold. Utafutaji wa kisasa, hata unapoelekea kwenye mafanikio, ni kazi ya miaka mingi na hubadilisha mikono. Kwa anayeishi juu ya mwamba, miaka hiyo ni ya kujiuliza kama ajenge nyumba ya matofali au asubiri, kama apande miti au mazao ya msimu tu. Gharama ya kungoja haiko kwenye orodha yoyote ya fidia niijuayo.

Nani anapoteza nini

Tukiyafungua madaftari ya jaribio moja lililoshindwa, tunaona kwamba kila mmoja amepoteza, ila kwa namna tofauti. Mfadhili wa duara amepoteza posho, mbao za matimba, baruti na mafuta. Ni hasara ya fedha, ina mwisho unaojulikana, na mfadhili mzoefu ana maduara mengine ambako anaweza kuifidia. Wachimbaji wamepoteza nguvu zao, kwa kuwa mara nyingi hulishwa tu wakati wa kuchimba na malipo yao ni fungu la mawe yatakayopatikana. Miezi yao imekwenda bure, na miili yao imebeba hatari yote. Januari 2024, mgodi wa Ng'alita wilayani Bariadi ulipoporomoka na kuua zaidi ya watu 20, nchi nzima ilikumbushwa kwamba ardhi haiangalii kama mawe ya juu yake yana dhahabu au hayana.

Mwenye shamba amepoteza kitu cha aina nyingine. Udongo wa juu, ule mweusi unaozaa, umefunikwa na kifusi cha chini kisichootesha kitu. Shimo la mita 20 halilimiki pembeni yake, na mvua zikija hujaa maji, likawa mtego wa ng'ombe na watoto. Kama mawe yalioshewa hapohapo, zebaki imebaki kwenye tope karibu na kisima. Mfadhili na wachimbaji hasara yao iliishia siku walipoondoka. Ya mwenye shamba huanza siku hiyo, na huendelea kila msimu.

Kwa haki, kuna upande wa pili. Kijiji kilichopata rashi, yaani mmiminiko wa watafutaji, ya wiki chache huuza chakula, hupangisha vyumba, huendesha bodaboda. Wapo waliofungua duka kwa fedha za mashimo yaliyokosa dhahabu. Lakini faida hizo humwendea mwenye mgahawa kando ya njia kuliko mwenye ekari zilizotobolewa, na mara nyingi hawa ni watu wawili tofauti. Ukijumlisha kijiji kizima unaweza kupata jibu la faida, huku kaya moja ndani yake ikiwa imefilisika.

Mashimo yasiyofundisha

Kampuni ikikosa, kukosa kwake huandikwa. Leseni ya utafutaji mkubwa nchini Tanzania, ambayo huanza kwa miaka 4, inaambatana na wajibu wa kuwasilisha ripoti, na kufukia au kuziba salama mashimo ya utafiti. Sampuli tupu huingia kwenye ramani, na mtafutaji anayekuja baadaye anajua pa kutopoteza muda. Katika sekta hii, kujua mahali pasipo na dhahabu ni bidhaa yenye thamani.

Mchimbaji mdogo akikosa, elimu hiyo hupotea pamoja naye. Hakuna aliyeandika kwamba duara la kwanza lilifika mita 25 na kukuta mwamba mkavu, au kwamba mshipa ulielekea mashariki ukakatika. Miaka mitatu baadaye kundi jingine huja, huona mashimo ya zamani na kuyasoma kinyume: kama watu walichimba hapa, basi kulikuwa na kitu. Shimo lililokosa hugeuka kuwa tangazo. Ndiyo maana shamba moja linaweza kujaribiwa mara kadhaa, kila mara kwa ushahidi dhaifu kuliko wa mwanzo.

Pengo la taarifa ni la kitaifa pia. Wizara ya Madini ya Tanzania imekuwa ikieleza kwamba utafiti wa kina wa kijiofizikia kwa ndege ulikuwa umefika asilimia 16 tu ya nchi, na imejiwekea lengo la kufikia asilimia 50 ifikapo 2030. STAMICO, shirika la madini la taifa, nayo imenunua mitambo ya kuchoronga kwa ajili ya wachimbaji wadogo. Ni hatua sahihi, maana tundu moja jembamba la kuchoronga hujibu swali ambalo duara hulijibu kwa miezi na kwa hatari ya maisha. Lakini mtambo hautafika kila shamba. Kwa miaka mingi ijayo, uamuzi utaendelea kufanywa chini ya mti, kati ya mwenye shamba na wageni wenye karai.

Makubaliano ya kukosa

Kwa kuwa uamuzi uko hapo, suluhisho lianzie hapo. Hatua ya kwanza ni kutambua leseni ya eneo ni ya nani, au kuiomba mwenyewe kabla ya kumwita mtu. Bila hilo, kila kipengele kingine ni hewa. Baada ya hapo, makubaliano yaandikwe kwa kuanza na swali la kukosa, na mgawo wa dhahabu ufuate.

Malipo ya ardhi yatenganishwe na dhahabu. Shamba likitolewa kwa msimu mmoja, mkulima amepoteza mavuno ya msimu huo hata kama hakuna gramu iliyoonekana, na thamani ya mavuno hayo inajulikana. Ilipwe kama kodi, mwanzoni. Fungu la dhahabu liwe nyongeza, lisiwe badala yake. Idadi ya mashimo iwe na ukomo, na muda nao uwe na ukomo. Udongo wa juu utengwe upande wake tangu siku ya kwanza, kwa sababu ukishachanganyika na kifusi hakuna fedha inayoutenganisha. Uoshaji wa mawe na uchomaji wa zebaki ufanyike mbali na maji. Sampuli igawanywe mbele ya wote, nusu ibaki kwa mwenye shamba, na kila shimo liandikiwe kina chake na kilichokutwa, hata kama kilichokutwa ni bure. Daftari hilo ndilo litakalomjibu mgeni wa miaka mitatu baadaye.

Kipengele kigumu ni ufukiaji. Pingamizi lake linajulikana: wachimbaji ni maskini, ukiwadai amana ya kufukia watakwenda shamba la jirani. Ni kweli kwa wachimbaji. Si kweli kwa mfadhili, ambaye amepata fedha za baruti na pampu. Amana iwekwe naye, ishikwe na mtu anayeaminiwa na pande zote mbili, irudishwe shimo la mwisho likifukiwa. Pasipo na fedha taslimu kuna njia ya kazi: shimo la pili lisifunguliwe kabla la kwanza halijafungwa, na kifusi cha jipya kiingie kwenye la zamani. Na kama jirani anakubali bila masharti, hapo ndipo serikali ya kijiji ina kazi ya kufanya, kwa kuweka sharti moja kwa mashamba yote ili asiyejali asimharibie anayejali.

Mtafutaji naye ananufaika. Ukomo uliokubaliwa mapema humlinda na ule ugonjwa wa kusema mita moja zaidi, ambao umemaliza mitaji mingi kuliko mwamba mgumu. Anayejua kwamba mfuko wake unatosha mashimo mawili hupanga mawili hayo kwa akili, huchukua sampuli zaidi kabla ya kuchimba, na akikosa huondoka akiwa na nauli na jina zuri la kumfungulia shamba jingine.

Mwenye shamba hawezi kujua kama chini yake kuna dhahabu. Anaweza kujua, kabla ya sululu ya kwanza, mgeni wake amejiandaaje isipokuwepo. Anayeyakubali mazungumzo hayo amepiga hesabu ya hasara na kuiweka katika fedha zake. Anayeyakwepa, akasisitiza kwamba kutaja kukosa ni kujiletea mkosi, naye amepiga hesabu yake, na ndani yake hasara imeandikwa kwa jina la mwenye shamba.